Simu ya Ofisi Inayorekodi: Faida Yake, Hatari Yake na Sheria Zake



Vikundi vyetu vingi vilianza na daftari moja na kalamu moja. Mwethya wa kuchimba matuta haukuhitaji simu. Jirani alimwambia jirani, na asubuhi watu walikutana na majembe yao. Siku hizi mambo yamebadilika. Vikundi vinaungana, vinakodi chumba sokoni, vinaandika karani, na simu zinaanza kulia kabla mlango haujafunguliwa. Mnunuzi wa maembe anauliza mzigo. Mwanachama anauliza mkopo wake umefika wapi. Mwingine anataka kujua zamu ya tangi ni ya nani.

Pamoja na simu hizo kumekuja ugomvi wa namna mpya. Katibu anasema mnunuzi aliahidi shilingi 25 kwa kila embe. Mnunuzi anasema alitaja 20. Mwanachama anasema alimwambia karani kwamba atachelewa kulipa. Karani anasema hajawahi kupokea simu hiyo. Nani mkweli? Hakuna maandishi, hakuna shahidi. Ndipo anakuja fundi na kusema, "Hiyo simu yenu ya intaneti inaweza kurekodi kila neno. Niiwashe?"

Kabla kamati haijasema ndiyo au la, ni vizuri ielewe kitu chenyewe. Ukurasa huu unaeleza jinsi kurekodi kunavyofanya kazi, nafasi kunayohitaji, hatari zilizopo, sheria ya Kenya inavyosema, na masharti ambayo kikundi kinafaa kuyapitisha kwanza.

SIMU YA INTANETI NI KITU GANI?

Simu ya zamani ya waya ilikuwa na njia yake yenyewe kutoka ofisini hadi kituo cha simu. Simu ya intaneti haina njia ya peke yake. Sauti yako inageuzwa kuwa tarakimu, halafu inakatwa vipande vidogo, kwa kawaida vipande 50 kila sekunde. Kila kipande kinapewa anwani, kama barua ya posta, na kutumwa kwa intaneti. Upande wa pili vipande vinapangwa tena kwa mstari, na mwenzako anasikia sauti yako.

Nchini Kenya jambo hili halikuwa rahisi mwanzoni. Hadi mwaka 2004 Telkom Kenya ilikuwa na haki ya peke yake katika simu za waya na njia za kimataifa. Tena, intaneti yetu ilipitia setilaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000. Ukiuliza swali, jibu lilichukua karibu nusu sekunde kurudi kwa sababu ya umbali huo tu, na watu waliishia kukatizana maneno. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ya nchi ikaanza kuwa ya haraka. Tangu hapo ofisi ndogo nazo zimeweza kupiga simu kwa njia hii bila kero hiyo.

Ofisi yenye simu kadhaa inahitaji swichibodi, yaani kitu cha kupokea simu na kuielekeza kwa mtu anayehusika. Zamani swichibodi ilikuwa meza yenye waya nyingi na mama aliyevaa hedifoni. Sasa inaweza kuwa programu ndani ya kompyuta ya kawaida. Programu moja inayojulikana sana ni Asterisk. Iliandikwa mwaka 1999 na kijana wa Marekani, Mark Spencer. Alitaka swichibodi kwa ofisi yake ndogo, akaona bei yake haishikiki, basi akajiandikia yake mwenyewe na kuwaruhusu wengine waitumie bure. Huo nao ni moyo wa kujisaidia, si ndiyo?

Sasa sikilizeni jambo la maana. Kwa kuwa sauti imekwisha kuwa tarakimu, kuirekodi ni kuweka nakala tu. Hakuna kanda ya kununua, hakuna mashine ya kuzungusha. Fundi anabadilisha mpangilio kwa dakika chache, na kuanzia hapo kila simu inaweka nakala yake bila mtu kuhisi chochote. Kazi ya mashine ni ndogo. Kazi kubwa ni ya kamati: kuamua nani ataambiwa, nani atasikiliza na nakala zitafutwa lini.

KAZI TATU ZISIZOFANANA

Watu husema "kurekodi na kufuatilia simu" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu.

1. Orodha ya simu. Swichibodi inaandika yenyewe namba iliyopiga, saa, muda wa maongezi, na kama simu ilipokewa au ililia bure. Maneno hayamo. Ni kama daftari la wageni mlangoni.

2. Kurekodi. Hapa maneno yenyewe yanawekwa. Programu inachanganya sauti za pande mbili kuwa faili moja na kuliandika tarehe, saa na namba. Unaweza kurekodi kila simu, au simu za namba fulani tu, au karani anabonyeza kitufe pale anapohitaji.

3. Kusikiliza simu ikiendelea. Msimamizi anaweza kuingia kimya na kusikiliza karani akizungumza. Anaweza pia kumnong'oneza karani bila aliyepiga kusikia, ama kuingia wazi wakazungumza watatu. Ofisi kubwa za kupokea simu huko Nairobi hutumia njia hizi kufundisha wafanyakazi wapya.

Kabla ya kuingia namba 2 na 3, tazameni namba 1 vizuri. Malalamiko mengi yanamalizwa na orodha peke yake. Mwanachama anasema alipiga simu tarehe 3 na hakupokewa? Orodha itaonyesha. Karani anasema simu ni nyingi kupita nguvu zake? Hesabu orodha ya wiki mbili, utajua ni saa zipi zenye msongamano. Kama shida yenu ni hiyo tu, hamna haja ya kuweka maneno ya watu. Anayetaka kujua nani aliingia nyumbani hahitaji kujua walizungumza nini mezani.

NAFASI, INTANETI NA STIMA

Wengi huogopa kwamba rekodi zitajaza kompyuta. Hebu tupige hesabu pamoja.

Rekodi ya simu isiyobanwa inachukua karibu megabaiti 1 kwa dakika. Tuseme ofisi yenu inapokea simu 30 kwa siku, kila moja dakika 4. Hizo ni dakika 120, yaani karibu megabaiti 115 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, mwezi mmoja ni karibu gigabaiti 2 na nusu. Kwa miezi mitatu haifiki gigabaiti 8. Programu ikiwekwa ibane sauti, faili hupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi, na miezi mitatu yote inaenea kwenye gigabaiti moja. Sauti iliyobanwa si tamu sana, lakini maneno yanasikika.

Kwa hiyo nafasi si tatizo. Hapo ndipo mtego ulipo. Kwa vile nafasi haiishi, hakuna anayekumbuka kufuta, na baada ya miaka mitano kompyuta ya ofisi ina siri za tarafa nzima.

Kuhusu intaneti, simu moja ya sauti safi hutumia karibu megabaiti 1.3 kwa dakika kwa kwenda na kurudi. Kurekodi hakuongezi gharama hiyo kama swichibodi iko hapo hapo ofisini. Lakini kama swichibodi ni ya kampuni inayowauzia huduma, rekodi zitakaa kwenye kompyuta za kampuni hiyo, pengine nchi nyingine. Ulizeni mapema: zinakaa wapi? Nani huko anaweza kuzifungua? Tukiacha huduma yenu, tunapewa nakala zetu na zenu zinafutwa?

Kuhusu stima, kumbukeni kwamba simu ya zamani ya waya ililetewa umeme na kituo cha simu, ikaendelea kufanya kazi hata taa zikizimika. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Stima ikipotea, na huku milimani Mbooni hupotea msimu wa mvua na upepo, swichibodi na kisanduku cha intaneti huzimika pamoja, na rekodi iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika. Betri ya akiba au sola ndogo ni sehemu ya bei ya mradi, si anasa.

FAIDA ZA KWELI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Rekodi ni daftari la maneno, na ina faida zake.

Kwanza, inalinda makubaliano. Mnunuzi akitaja bei, uzito na siku ya kuja na lori, rekodi inakumbuka hata kama katibu amesahau. Hata hivyo msiiache ichukue mahali pa maandishi. Baada ya simu, tuma ujumbe mfupi: "Tumekubaliana maembe 4,000 kwa shilingi 25, Jumatano." Ujumbe huo mara nyingi unatosha.

Pili, inamlinda mfanyakazi. Karani akisingiziwa kwamba alitukana mtu au aliomba hongo, rekodi inaweza kumtetea. Na kama kweli aliomba, inawatetea wanachama.

Tatu, inafundisha. Karani mpya akisikiliza simu tatu nzuri na tatu mbaya anajifunza zaidi ya hotuba ya saa nzima. Atasikia mwenyewe alivyomkatiza mzee aliyekuwa bado anatafuta maneno.

Kuna wanaouliza kama rekodi inakubalika mahakamani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inakubali kumbukumbu za kompyuta ikiwa zinaletwa na cheti kinachoeleza jinsi zilivyotengenezwa na kifaa gani kilitumika. Basi faili lililohamishwa kutoka simu hadi simu, bila anayeweza kueleza lilikotoka, halina nguvu kama lile lililohifadhiwa kwa utaratibu na mtu anayejulikana.

HATARI INAYOTUHUSU SISI

Mjini mtu ni namba. Huku kwetu Kikima mtu hutambuliwa kwa sauti kabla hajataja jina. Ukimsikilizisha jirani nusu dakika ya rekodi, atakwambia huyo ni nani, mama yake ni nani, na shamba lao liko upande gani. Kwa hiyo kusema "tumeondoa jina" hakusaidii kitu.

Wale wakubwa mtakumbuka redio za upepo zilizotumiwa na misheni na hospitali za mbali. Kila mtu alijua kwamba ukisema neno kwenye redio, stesheni zote zilizo kwenye mkondo huo zinasikia. Watu walichunga maneno kwa sababu walijua. Simu inayorekodi kwa siri ni mbaya kuliko redio hiyo, kwa kuwa anayezungumza anadhani yuko peke yake na karani.

Tuseme mama mmoja anapiga simu kuuliza kama anaweza kuahirisha malipo ya mkopo. Karani anauliza sababu. Mama anaeleza kwamba pesa alizoweka zilichukuliwa nyumbani kwa nguvu, na kwamba alipigwa. Hakukusudia kusema hayo, yalimtoka. Sasa maneno hayo yamo kwenye kompyuta. Mwekahazina ana neno la siri. Mtoto wa mwenyekiti ndiye hurekebisha kompyuta ikikwama. Binamu ya mume wake yumo kwenye kamati. Rekodi hiyo ikitoka, kikundi kilichoundwa kumsaidia mama huyu kitakuwa kimempeleka kwenye hatari kubwa kuliko deni. Na akina mama wengine wakisikia, hawatapiga simu tena. Watakaa na shida zao kimya.

Kwa hiyo karani afundishwe jambo hili: mazungumzo yakigeuka kuwa ya ugonjwa, ugomvi wa nyumbani au mtoto aliyeumizwa, asimamishe rekodi, na aseme wazi, "Mama, sasa nimezima kurekodi." Kisha ampe namba zinazofaa. Simu ya watoto ni 116, inayoendeshwa na Childline Kenya. Simu ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Zote mbili ni bure. Ofisi ya kikundi si mahali pa kuhifadhi maungamo ya watu.

Hatari nyingine ni ya pesa. Kuna wanaotaja namba zao za siri za M-PESA au benki kwa simu wakidhani wanasaidiwa. Karani asiulize kamwe, na mtu akianza kuitaja amkatize mara moja. Namba ya siri iliyorekodiwa ni ufunguo ulioachwa mlangoni.

Ya tatu ni wezi wa mbali. Simu za intaneti zisizofungwa kwa njia ya siri zinaweza kunaswa na mtu aliye kwenye mtandao huo huo, kwa mfano aliyepewa neno la siri la Wi-Fi ya ofisi. Na swichibodi yenye neno la siri rahisi kama 1234 huvamiwa usiku na matapeli wanaopiga simu za nchi za nje kwa gharama yenu. Wakishaingia, rekodi nazo ziko mikononi mwao.

SHERIA YA KENYA INASEMAJE?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Habari za familia yake au mambo yake ya binafsi zisitakiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima, na mawasiliano yake yasiingiliwe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inafafanua zaidi. Sauti ya mtu anayetambulika ni habari zake. Anayeziweka, hata kama ni kikundi kidogo, ana wajibu. Kwa ufupi:

- Lazima muwe na sababu inayokubalika kisheria, kwa mfano mtu amekubali, au kuna mkataba kati yenu unaohitaji hivyo.
- Lazima mumwambie kwamba mnamrekodi, kwa nini, na rekodi itaonwa na nani.
- Mchukue kile mnachohitaji tu, na mkitumie kwa kazi ile ile mliyoitaja.
- Msiweke kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.
- Mtu ana haki ya kuomba kusikia yaliyo yake, kupinga, na kuomba yasahihishwe au yafutwe pale yasipostahili kuwekwa.
- Habari za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na faida ya mtoto itangulie.
- Rekodi zikiibiwa na kuna hatari ya kweli kwa watu, Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Kuhusu kujiandikisha, kanuni za 2021 zinaachilia ofisi ambayo mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na wafanyakazi wake hawafiki 10. Lakini zipo kazi zinazolazimu kujiandikisha hata kwa walio wadogo, kama vile matibabu, elimu na huduma za fedha. Kwa hiyo vikundi vinavyokopesha pesa viulize mapema, visingoje kuulizwa. Na kuachiliwa kujiandikisha si kuachiliwa kutii sheria.

Je, sheria hii ina meno? Ndiyo. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Mwezi Septemba 2023 Kamishna alitangaza faini ya shilingi 4,550,000 kwa shule moja iliyosambaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na shilingi 2,975,000 kwa kampuni moja ya mikopo ya simu iliyotumia namba za watu kuwasumbua. Mwanachama yeyote anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Wengine watauliza, "Na mimi nikirekodi kwa simu yangu ya mkononi?" Mambo ya binafsi ya mtu nyumbani kwake sheria hii haiyagusi. Lakini ukirekodi kwa kazi ya kikundi, ama ukisambaza rekodi hiyo kwenye WhatsApp ya wanachama, umetoka nyumbani. Masharti ni yale yale ya ofisi.

MASHARTI YA KUPITISHA KWENYE MKUTANO MKUU

Msimwachie fundi aamue. Jambo hili liletwe mbele ya wanachama wote, liandikwe kwenye kumbukumbu, na lipigiwe kura. Haya hapa masharti mnayoweza kuanza nayo.

1. Sababu. Andikeni kwa sentensi moja kwa nini mnarekodi. Kwa mfano: "Kuthibitisha bei na makubaliano ya mauzo." Mkishindwa kuandika sentensi hiyo, basi hamna haja ya kurekodi.

2. Simu zipi. Zirekodiwe simu za mauzo tu, kwa namba yake ya pekee. Namba ya wanachama na ya shida za watu isirekodiwe. Swichibodi inaweza kutenganisha hizi bila taabu.

3. Tangazo. Kabla ya kuzungumza, anayepiga asikie kwa Kiswahili na kwa Kikamba: "Simu hii inarekodiwa ili kuthibitisha makubaliano ya mauzo. Ukiwa hutaki, bonyeza moja." Akibonyeza, simu iendelee bila kurekodiwa. Njia hiyo iwe ya kweli. Tangazo lisilo na njia nyingine ni amri tu. Kwa simu mnazopiga ninyi, karani aseme mwenyewe mwanzoni.

4. Funguo mbili. Kufungua rekodi kuhitaji watu wawili, kama vile hundi ya kikundi inavyohitaji sahihi zaidi ya moja. Angalau mmoja wao awe mwanamke. Asiwe yule karani aliyezungumza, wala jamaa wa aliyepiga.

5. Daftari la kusikiliza. Kila rekodi ikifunguliwa iandikwe: tarehe, nani walisikiliza, kwa sababu gani. Kamati ya ukaguzi ilisome daftari hilo kila baada ya miezi mitatu.

6. Siku ya kufuta. Siku 90 zinatosha ofisi nyingi ndogo. Programu iwekwe ifute yenyewe. Kama kuna ugomvi ambao haujaisha, rekodi hiyo moja iwekwe kando hadi uishe.

7. Hakuna kutoa. Rekodi isitumwe kwa WhatsApp, isibebwe kwa flashi, isichezwe mkutanoni. Chifu, polisi au mtu mwingine akiitaka, kamati iombe maandishi na sababu ya kisheria kabla ya kutoa.

8. Mabadiliko ya viongozi. Kamati mpya ikichaguliwa, maneno ya siri yabadilishwe siku hiyo hiyo, kama mnavyobadilisha sahihi za benki.

NA MFANYAKAZI JE?

Karani naye ni mtu. Aambiwe siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba simu za namba fulani zinarekodiwa na kwamba msimamizi anaweza kusikiliza. Apewe simu au namba nyingine ya mambo yake ya nyumbani, ambayo haisikilizwi. Asiwindwe. Anayesikilizwa kila dakika huanza kusema kama kanda, na aliyepiga simu akihitaji moyo wa mtu haupati.

Njia nzuri ni hii: kila mwezi chagueni simu nne tu, mkae na karani mwenyewe, msikilize pamoja. Aseme yeye kwanza ameona nini. Halafu mseme ninyi. Rekodi itakuwa mwalimu wake, na hataiogopa kama askari.

MAMBO YA KUMUULIZA FUNDI

Pateni bei kutoka kwa mafundi watatu, na kila mmoja mumuulize haya:

- Je, unaweza kurekodi namba moja na kuacha nyingine?
- Karani anaweza kusimamisha rekodi katikati ya simu?
- Rekodi na simu zenyewe zinafungwa kwa njia ya siri?
- Zinafutwa zenyewe baada ya siku tulizoagiza?
- Programu inaonyesha nani amefungua rekodi, na lini?
- Wewe fundi, ukimaliza kazi, utabaki na neno la siri? Jibu linalotakiwa ni hapana.
- Utamfundisha nani kati yetu, ili tusikutegemee wewe milele?

Fundi akicheka maswali haya, mtafuteni mwingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Gawanyikeni watu watano watano, mzungumze kwa nusu saa, kisha kila kundi dogo lilete jibu.

1. Ni ugomvi gani wa mwaka uliopita ambao ungemalizwa na rekodi? Ni ugomvi gani ungemalizwa na orodha ya simu tu, au na ujumbe mfupi?

2. Kama sauti yako ingerekodiwa ukieleza shida yako, ni nani katika kikundi hiki usingependa aisikie? Masharti yetu yanamzuia mtu huyo?

3. Nani atashika ufunguo wa kwanza na nani wa pili? Kwa nini hao?

4. Wanachama wasiosoma na wazee wetu wataelezwaje, na nani atawaeleza, kabla kitu chochote hakijawashwa?

Kikundi kikishindwa kukubaliana juu ya swali la pili, fundi asubiri. Mashine haiozi. Lakini mwanachama aliyeaibishwa na ofisi yake mwenyewe hakai kikundini, na akiondoka haondoki peke yake.